Matarumbeta Yaishie Getini



Hapa Maisaka watu wakisikia matarumbeta wanajua bibi harusi yupo njiani. Mmoja niliyemshonea gauni aliniambia akilia, "Dada, wapigaji ni wanaume. Nikivua mtandio ukumbini wataniona. Na mama keshalipa."

Nikamsimulia habari za Bi Mariam Hamdani wa Zanzibar, mwandishi wa habari na mpiga kanuni. Kwenye taarab tumezoea mwanamke aimbe, mwanaume apige ala. Mwaka 2009 Bi Mariam akaanzisha Tausi Women's Taarab, ambako wanawake wenyewe ndio wapigaji. Na huko Mji Mkongwe, Dhow Countries Music Academy inafundisha ala mabinti pia.

Sisi hatukuwa na Tausi. Nikaenda kwa mama yake, tukakubaliana: matarumbeta yaishie getini, ndani tupige dufu wenyewe. Alinuna. Usiku ule alicheza kuliko wote, na binti yake akavua mtandio kwa amani.

Kuhusu ala, muulize sheikh unayemwamini. Lakini sitara yako, bibi harusi, isemee mapema, kabla pesa haijalipwa.