Mapenzi Hayana Kabila

Wahenga walinena, penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Mwaka 2016 filamu ya Kimarathi, Sairat, ilionyesha binti wa tajiri akitoroka na kijana wa tabaka la chini, hadi jamaa zake wakawaua. Mwaka 2017 iliigizwa upya kwa Kikannada, ikaitwa Manasu Mallige. Rinku Rajguru, aliyeigiza binti huyo katika zote mbili, alianza akiwa msichana wa shule kama mimi.

Jameni, msiseme hayo ni ya Wahindi tu! Dada yangu aliolewa na Mjaluo. Mtoto wao ana miaka miwili, na bado hajapanda vilima hivi vya Kilungu kumwona babu yake. Hapa Nunguni hatukushika panga, lakini kimya nacho hukata. Baba, ukilisoma jarida hili, waite waje.