Mtungi wa Mpakani: Pombe ya Wimbi Busia na Malaba

Msafiri atokaye Kisumu kwa njia ya Maseno, Yala na Bumala hatambui mara moja kwamba amefika mwisho wa nchi ya Kenya. Maduka ya Busia yaendelea ng'ambo bila kukatika, na wachuuzi wa pande mbili huitana kwa Kiluhya, Kiteso, Kiganda na Kiswahili. Yamjulishayo ni malori yaliyopangana kungoja zamu, na vijana wa pikipiki wanaogombea mizigo yake. Husemwa kwamba jina la bodaboda lilizaliwa hapa hapa, katika miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakivusha watu kati ya vituo viwili vya forodha huku wakitaja mpaka kwa Kiingereza mara mbili.

Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote ilikuwa ya Uganda. Ndipo Jimbo lake la Mashariki lilipotiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na Wateso wakajikuta ndugu wa ukoo mmoja wenye serikali mbili. Huko Malaba, kaskazini ya Busia, ni mto tu uwatengao, na reli iendayo Kampala huuvuka. Tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili.

Mgeni akitaka kuwajua wenyeji, asiishie forodhani. Jioni na aende nyuma ya maduka, aulize penye pombe ya wimbi. Wateso huiita ajon, na wengi wa upande wa Uganda huiita malwa. Ataona mtungi mmoja umewekwa katikati, na watu wameuzunguka juu ya viti vifupi, kila mmoja na mrija wake mrefu, ambao Waluhya huuita oluseke. Nchani mwa mrija hutiwa kichujio kidogo kilichosukwa, kisiruhusu makapi kupita. Mwenye nyumba hupita mara kwa mara na birika la maji ya moto, akaongeza mtungini pombe inapopungua.

Anayedhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi hajaiona ikifanywa. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hata uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati au kikaango kipana, ukageuzwa bila kupumzika, na kuanikwa juani. Wimbi nyingine huloweshwa mpaka iote, ikakaushwa na kusagwa. Hiyo ndiyo kimea. Vyote viwili huchanganywa na maji, vikaachwa siku chache tena. Busaa ya Waluhya yafanana nayo, ila aghalabu unga wake ni wa mahindi. Mpishi karibu siku zote ni mwanamke, na kipimo chake ni pua, ulimi na vidole.

Mtungi una adabu zake. Mwanachuo wa Kimarekani Ivan Karp, aliyekaa na Wateso wa Kenya na kuandika juu ya unywaji wao mwaka 1980, alieleza kwamba mtu hashiki mrija kwa mkono wa kushoto, wala hapulizi mapovu mtungini. Maana wanaokunywa chombo kimoja wameaminiana, na asiyeaminika hujulikana kwa kutoalikwa. Desturi hii haikuanzia mpakani peke yake: picha za Wasumeri, katika nchi iitwayo leo Iraki, zaonyesha watu wakinywa pombe ya nafaka kwa mirija zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Haya yafaa kukumbukwa sasa, kwa kuwa mjini Nairobi pameingia mtindo mpya. Zimefunguliwa hoteli za chakula zinazojipikia bia zao wenyewe kwa kiasi kidogo. Brew Bistro, katika barabara ya Ngong, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Wateja huvutiwa kuona mapipa ya shaba au chuma, huelezwa nafaka iliyotumika, na hulipa zaidi kwa kuwa bia haikutoka katika kiwanda kikubwa. Viwanda vikubwa navyo vimeirudia nafaka ya kienyeji: kile cha Jinja kilitoa bia ya Eagle kwa mtama mwaka 2002, na wale wa Kenya wakatoa Senator mwaka 2004. Basi kinachosifiwa mjini, yaani pombe iliyopikwa kidogo kidogo, kwa nafaka ya shambani, na kunywewa mahali ilipopikwa, ndicho alichokuwa akikifanya mama wa Malaba tangu zamani.

Lakini heshima wanayopewa si sawa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kwa leseni, nayo yaagiza baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na zifungwe saa tano usiku. Mwenye hoteli hukodi wakili wa kumtafutia leseni. Mama wa mtungi hana wakili. Akikutwa hana karatasi, pombe yake humwagwa, na pamoja nayo fedha za wimbi, za kuni, na kazi ya wiki nzima au zaidi. Mara nyingi fedha hizo ndizo zilizokuwa zimetengwa kwa karo ya mtoto. Wakati huo huo, hatua chache ng'ambo ya mpaka, dada yake auza malwa hadharani.

Haifai kusema kwamba polisi hawana sababu. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko, kwa pombe kali iliyotiwa methanoli. Na Februari 2024 Kirinyaga ililia tena kwa pombe kali haramu. Lakini pombe ya mtungi na pombe ya sumu ni vitu viwili, na sheria inayovitupa pamoja humsukuma mnywaji maskini kwenye chupa isiyojulikana ilikotoka. Mtungi nao una madhara yake: ulevi huvunja nyumba, na kuazimana mirija hueneza maradhi, kama watu walivyoonywa wakati wa korona mwaka 2020. Hayo hutibiwa kwa maji safi, kila mtu na mrija wake, na leseni ambayo mwanamke wa kijijini aweza kuilipia na kuielewa.

Tangu katiba ya mwaka 2010 kazi ya kutoa leseni za pombe iko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo jambo hili halihitaji kungoja Nairobi. Laweza kuamuliwa Busia yenyewe, na watu ambao wengi wao wanajua vema harufu ya wimbi ikikaangwa.