Mjomba, Ligi ya Barafu na Nafasi Yangu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeiandika mara nyingi katika insha zetu, na mimi imewahi kunipatia alama nzuri sana. Hata hivyo, maana yake halisi nilifunzwa na mchezo ambao sijawahi kuuona kwa macho yangu mawili, na ambao wengi wenu mkiusikia mtacheka: mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu.

Mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama, anaishi Edmonton katika mkoa wa Alberta, nchini Kanada. Anafanya kazi usiku kwenye ghala. Barafu ya kule si hii yetu ya friji ya dukani. Ziko siku za Januari ambapo baridi hushuka hadi nyuzi thelathini chini ya sufuri, na mtu akitoka nje kope za macho hushikana. Alipoondoka hapa alikuwa mtu wa kandanda, shabiki wa AFC Leopards wa kukaukwa na sauti. Baada ya kukaa kule miaka kadhaa, akaanza kututumia habari za timu iitwayo Edmonton Oilers. Mama alisikiliza akatikisa kichwa. "Huyu ndugu yangu baridi imemwingia kwa kichwa," akasema.

Simu ni ya mama, lakini jioni hukaa mikononi mwangu, basi mimi ndiye nikawa msomaji wa habari hizo. Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Kila upande una watu sita pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye makali chini, wanateleza kama upepo wakikimbiza kisahani kigumu cha mpira mweusi. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika ishirini. Lililonishinda kuelewa ni msimamo wa ligi. Mjomba alikuwa akipiga picha jedwali zima na kulituma, na chini yake anaandika, "Mpwa, soma hapo uone aibu yetu."

Na kweli ilikuwa aibu. Hiyo ilikuwa Novemba 2023, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya KCPE, ule mtihani wa mwisho kabisa wa KCPE katika nchi hii. Oilers walikuwa na Connor McDavid, ambaye watu wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora duniani, na bado walikuwa wakipigwa kama ngoma. Walifungwa hata na San Jose, timu iliyokuwa ikiburura mkia. Baada ya mechi 13 jedwali lilisoma hivi: 3, 9, 1. Nikamwuliza mjomba, "Hiyo moja ya mwisho ni sare?" Akacheka. Akanieleza kwamba katika ligi ile hakuna sare tena.

Hapa itabidi mnivumilie kidogo, kwa maana jambo hili lilitugombanisha mimi na jirani yangu wa dawati kwa wiki mbili nzima. Ukishinda unapata pointi 2. Ukishindwa ndani ya dakika sitini unatoka mikono mitupu. Lakini ikiwa dakika sitini zimekwisha mkiwa sawa, mnaongezewa dakika tano, watatu kwa watatu, na bao likikosekana mnapiga mikwaju mmoja mmoja mbele ya kipa. Atakayeshinda hapo atapewa 2, na aliyeshindwa atapewa 1. Kwa hiyo ile 3, 9, 1 ni pointi saba.

Jirani yangu ni mtu wa hesabu. Alichukua kalamu akaandika pembeni mwa daftari, kisha akaruka. "Ngoja! Mechi ya kawaida wanagawana pointi mbili. Hii ya kuongezewa muda wanagawana tatu. Hiyo ya tatu imetoka wapi? Imeanguka kutoka mbinguni?"

Sikuwa na jibu. Nilimpelekea mjomba swali, naye akanirudishia historia. Zamani sare ilikuwa sare, kila mtu pointi moja, kwaheri. Muda wa ziada ulikuwepo, ila Novemba 1942, wakati wa vita, uliondolewa kwa sababu ya ratiba za treni. Yaani timu zilitakiwa kuwahi gari moshi! Haukurudi katika mechi za ligi mpaka msimu ulioanza 1983. Hata uliporudi, timu nyingi zilicheza kwa woga, zikiogopa kupoteza ile pointi moja waliyokwisha kuishika. Ndipo msimu ulioanza mwaka wa 1999 wakaamua kwamba atakayeshindwa katika muda wa ziada asinyang'anywe pointi yake. Mikwaju ilikuja mwaka wa 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa sababu matajiri wenye timu na wachezaji walishindwa kukubaliana juu ya mishahara.

Jirani yangu alisema bado ni wizi. Mimi nasema si wizi, ni malipo ya kufika dakika ya sitini ukiwa umesimama. Mpaka leo hatujapatana.

Ligi yenyewe, inayojulikana kwa herufi NHL, ni ya zamani kuliko shule nyingi za nchi yetu. Ilianzishwa tarehe 26 Novemba 1917 katika hoteli moja mjini Montreal. Msimu wa kwanza haujafika mbali, uwanja wa timu ya Wanderers uliteketea Januari 1918, timu ikavunjika, wakabaki watatu. Mwaka uliofuata fainali iliachwa katikati kwa sababu ya homa kali iliyokuwa ikiua watu duniani kote, na mchezaji mmoja wa Montreal, Joe Hall, akafariki. Ungedhani ligi kama hiyo haitaona mwaka wa tano. Lakini kuanzia 1942 hadi 1967 timu sita zilicheza zenyewe kwa zenyewe, wakajuana kama watu wa boma moja. Mwaka wa 1967 wakazidisha mara mbili, wakawa kumi na mbili. Edmonton waliingia 1979, na Seattle walipoingia 2021 hesabu ikafika 32. Kombe wanaloligombania, Kombe la Stanley, lina umri mkubwa kuliko ligi. Lilitolewa mwaka wa 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada wa wakati huo.

Basi Januari 2024 nikaingia kidato cha kwanza hapa shuleni. Oilers nao, baada ya kumfukuza kocha wao, walikuwa wameamka. Walishinda mechi 16 mfululizo, kutoka Desemba mpaka mwisho wa Januari, wakabakisha moja tu kuifikia rekodi ya Pittsburgh ya 1993. Kila asubuhi jedwali lilikuja, na kila asubuhi wao wamepanda. Mimi nilikuwa nashuka. Mambo ya sekondari yalinijia kama mafuriko: masomo kumi na moja, kutembea kilomita nne kila asubuhi, na kurudi jioni miguu imechoka kuliko kichwa.

Aprili orodha ikabandikwa ukutani. Ndugu msomaji, unaujua ukuta ule. Unajua namna watu wanavyosongamana, na namna kidole kinavyoanza juu kwa matumaini halafu kinateremka, kinateremka. Changu kiliteremka mpaka 47. Darasa lilikuwa na watu 53.

Jioni hiyo mjomba aliandika, "Mpwa, na wewe msimamo wako ukoje?" Mjomba ndiye alikuwa akilipa nusu ya karo yangu. Nilikaa na simu muda mrefu. Kisha nikaandika 17. Ilikuwa tarakimu moja tu niliyobadilisha. Akajibu kwa sauti yenye furaha, "Safi sana! Umeingia mchujo moja kwa moja!"

Sikulala vizuri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua maana ya maneno yale. Katika ligi ya akina mjomba timu zimegawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na kila kanda ina makundi mawili. Baada ya mechi 82, watatu wa kwanza wa kila kundi huingia mchujo, na kila kanda huongeza wawili waliowafuata kwa pointi. Timu kumi na sita zinabaki, kumi na sita zinaenda nyumbani. Huko mbele hakuna pointi tena. Wanacheza wawili wawili, wa kwanza kushinda mechi nne anasonga. Mikwaju nayo hakuna, watacheza mpaka mtu afunge. Machi 1936 Detroit na Montreal Maroons waliongezewa vipindi sita kabla ya bao la pekee kupatikana.

Na huko mbele jedwali linaweza kudharauliwa vibaya. Msimu wa 2022-23 Boston walishinda mechi 65 wakapata pointi 135, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yao. Raundi ya kwanza wakakutana na Florida Panthers, waliopenya kwa mlango wa mwisho wakiwa na pointi 92, huku Pittsburgh wenye 91 wakibaki nje wakilia. Boston waliongoza mechi tatu kwa moja. Florida wakashinda tatu zilizobaki. St. Louis nao mwanzoni mwa Januari 2019 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, na Juni mwaka huo huo walilinyanyua kombe. Hadithi hizo mjomba alinisimulia ili kunitia moyo, maskini, akidhani anamtia moyo mtu wa nafasi ya kumi na saba.

Oilers walimaliza na pointi 104. Wakawatoa Los Angeles, wakawatoa Vancouver kwa jasho, wakawatoa Dallas. Sisi huku mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei, kwa hivyo nilifuata mchujo nyumbani karibu siku zote za mwanzo. Fainali ilikuwa dhidi ya nani? Florida, wale wale. Wakapigwa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mjomba aliandika kwamba ni timu moja tu iliyowahi kutoka tatu bila katika fainali na kuchukua kombe, Toronto, mwaka wa 1942. Halafu Oilers wakashinda nane moja. Wakashinda tena. Na tena! Tatu kwa tatu. Mama naye sasa akawa anauliza, "Wale watu wa barafu wamefikia wapi?"

Mechi ya saba ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu, kuamkia Jumanne tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo Mkenya hawezi kuisahau kwa sababu nyingine kabisa. Niliamka saa kumi na moja kujiandaa kwenda shule. Kabla sijamaliza chai, sauti ya mjomba ikaingia. Ilikuwa ya chini. "Mpwa, tumefungwa mbili moja. Imekwisha. McDavid amepewa tuzo ya mchezaji bora wa mchujo na hakutoka hata kuipokea. Mimi sasa naenda kazini. Wewe soma, hiyo kumi na saba yako usiiachilie."

Mate yalinikauka. Mtu huyu alikuwa amenitumia kila jedwali, la aibu na la fahari, hata usiku wa kuvunjika moyo. Nikaandika haraka kabla ushujaa haujanitoka: "Mjomba pole. Si 17. Ni 47." Nikaiweka simu mezani kifudifudi, nikatoka mbio.

Jioni alipiga. Mama alinipa simu akaenda jikoni. Mjomba alinyamaza kwanza, nikasikia magari ya kwao yakipita.

"Kila nikiongea na mama yako namwambia kijana anaenda sawa," akasema. "Yeye ananiambia hapana, nami nabishana naye. Umenifanya mwongo kwa dada yangu."

"Nisamehe, mjomba."

"Arobaini na saba kati ya wangapi?"

"Hamsini na tatu."

Akanyamaza tena. Nilingoja aseme habari ya karo. Badala yake akauliza, "Mechi ngapi zimebaki?"

Nikahesabu mihula mpaka KCSE. Vidole vya mikono vilikwisha, ikabidi niongeze kimoja cha mguu.

Tangu siku hiyo kila muhula nanakili orodha kwenye daftari, si jina langu peke yake bali darasa zima, maana jedwali lenye mstari mmoja halisemi kitu. Nikifika nyumbani nalipiga picha na kulituma. Ilikuja 44, ikaja 38, mwanzo wa 2025 ikaja 29. Naye hutuma lake. Juni 2025 Oilers walifika fainali tena na Florida wale wale, wakafungwa mechi nne kwa mbili. Mjomba aliandika neno moja tu: "Tena." Muhula ule mimi nilitoka 29 nikarudi 31, nikamtumia hivyo hivyo.