Mwanga wa Tumbawe

Kwetu Manyatta, Embu, tumbawe tulilijua darasani tu, kama jiwe la kuta za magofu ya Gede. Nilistaajabu kulikuta hai mjini Berlin nilikokuwa masomoni. Mfugaji mmoja alinigawia kipande, nikakitia katika tangi dogo la maji ya chumvi chumbani mwangu. Nilikwisha kusoma kwamba ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hulilisha tumbawe kwa nguvu ya mwanga. Basi nikanunua taa yenye nguvu kuliko zote dukani. Muuzaji aliniuliza kina cha tangi, sikumjali.

Wiki haikwisha, kipande kikapauka. Mwani ulikuwa umetoka, kama ulivyotoka katika matumbawe ya pwani yetu kwa joto la mwaka 1998.

Nilimsimulia mama kwa simu. Akacheka. "Mwanangu, nani hutoa mche wa chai kitaluni akautia juani siku hiyo hiyo?"

Ama kwa hakika nilikulia kitaluni. Kivuli tulikipunguza kidogo kidogo. Nikaiinua taa, nikaanza kwa muda wa saa 4 kwa siku, nikawa naongeza nusu saa kila wiki. Mwezi wa tatu rangi ya kahawia ilirejea pembezoni. Katikati pangali peupe.