Fundi wa Suffolk Katika Ukoo Wetu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini mpenzi msomaji, asili hiyo utaifuata vipi iwapo sehemu yake moja iko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo hujawahi kuikanyaga? Swali hili lilinishughulisha likizo mbili nzima.

Wenzangu wa bwenini wananiita "Mzungu wa Machakos" kwa sababu ya rangi yangu. Wasilolijua wengi ni kwamba babu yake nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa Mwingereza. Alikuwa seremala aliyefika Mombasa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akafanya kazi ya mbao Nairobi, kisha akaishi na binti wa Ukambani hadi kufa kwake. Aliacha watoto, sanduku la zana na cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne. Kuhusu baba yake hakusema neno.

Penye kimya watu hujaza maneno. Mjomba wangu mkubwa alikuwa akisema ati sisi ni wa ukoo wa lodi mmoja mwenye mashamba na farasi wengi. Nyanya alipokaribia kutimiza miaka 80, jamaa waliamua kuchapisha kijitabu cha ukoo, na mjomba akataka lodi wake akae ukurasa wa kwanza. Nyanya alikataa katakata. "Kwanza tafuteni," alisema. "Mimi sitaki kuingia kaburini na babu wa kubuni." Kazi hiyo ikaniangukia mimi, kwa sababu, kwa maneno yake, "huyu ndiye hupenda kusomasoma."

Nilianza na kile cheti. Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha kuzaliwa cha huko hutaja kazi ya baba. Cha babu yake nyanya kilitaja jimbo la Suffolk, mashariki mwa nchi hiyo, na katika nafasi ya kazi hapakuwa na lodi. Palikuwa na neno moja lenye maana ya fundi wa magurudumu, yaani yule aundaye magurudumu ya mbao ya mikokoteni na magari ya kukokotwa na farasi. Lo! Mjomba aliposikia alisema cheti hicho huenda kina makosa.

Basi nikageukia hesabu ya watu. Waingereza huhesabiwa kila baada ya miaka 10 tangu 1801, ingawa walirukwa mwaka wa 1941 kwa sababu ya vita. Kuanzia 1841 karatasi hizo zina majina ya watu wote, na zikifikisha miaka 100 hufunguliwa. Siku hizi nyingi zinasomeka kwa intaneti. Mama mdogo, ambaye ni muuguzi huko Uingereza, alinisaidia kuzipata. Siku yake ya mapumziko alienda mjini Ipswich, katika jumba la hifadhi liitwalo The Hold lililofunguliwa mwaka wa 2020, akatazama na daftari za kanisa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu asiyekuwa na hata picha akaanza kuonekana.

Mwaka wa 1851 alikuwa mtoto wa miaka 10, na tayari ameandikiwa kazi: kufukuza kunguru shambani. Sisi tuliolelewa mashambani tunaijua kazi hiyo vizuri! Mwaka wa 1861, akiwa na miaka 20, alikuwa mwanagenzi nyumbani mwa fundi wake. Desturi ya ufundi huko ilikuwa kujifunza kwa miaka saba, tangu kijana ana miaka 14 hivi. Kisha akaoa. Katika daftari la ndoa, pale bwana arusi anapotia sahihi, kuna alama ya X. Hakujua kuandika jina lake.

Nakiri X ile ilinikaa moyoni. Nilitaka kujua mtu asiyejua kusoma alijua nini, nikaanza kusoma habari za kazi yake. Jamani, wenzangu, msidhani gurudumu ni kitu cha mchezo.

Gurudumu la fundi huyo lilitaka miti ya aina tatu. Kitovu chake kilichongwa kwa mti uitwao elmi, kwa maana nyuzi zake zimesukana na haupasuki hata ukitobolewa matundu mengi. Spoku zilikuwa za mwaloni, mti wenye nguvu, nao ulipasuliwa kufuata nyuzi zake badala ya kukatwa kwa msumeno. Mzingo wa nje ulikuwa wa eshi, mti unaonepa kidogo gari linapogonga jiwe. Magogo yalipasuliwa shimoni, mtu mmoja juu na mwingine chini akimwagikiwa na unga wa mbao, kisha mbao zikaachwa zikauke kwa miaka kadhaa. Fundi alinunua mti leo akijua kwamba ataula miaka mitano baadaye.

Hapakuwa na misumari wala gundi ya kushikilia spoku. Mhunzi alitengeneza pete ya chuma iliyo ndogo kidogo kuliko gurudumu, akaitia motoni hadi ikatanuka. Wakaibeba kwa koleo, wakaivisha gurudumu na kuigongagonga, kisha wakamwaga maji haraka kabla mbao hazijaungua. Mvuke ulipaa, chuma kikanywea, na viungo vyote vikabanwa kwa pamoja. Pete ikiwa kubwa, gurudumu lalegea. Ikiwa ndogo mno, spoku zapinda. Chanda chema huvikwa pete, walisema wazee wetu. Huko hata gurudumu jema lilivikwa.

Yote hayo aliyafanya mtu aliyetia X. Hesabu zake zilikuwa machoni na mikononi.

Mwaka wa 1881 mambo yalikuwa mazuri: aliandikwa kuwa fundi mkuu mwenye mfanyakazi mmoja na kijana mmoja. Mwaka wa 1891 alifanya kazi peke yake. Sababu zilikuwa mbali na kijiji chake. Tangu miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilikuwa ikimiminika Uingereza kwa reli na meli za mvuke. Wakulima wa ngano wa Suffolk wakafilisika mmoja baada ya mwingine, na mkulima aliyefilisika haagizi mkokoteni mpya. Viwanda navyo vilikuwa vikitoa magurudumu kwa wingi.

Karatasi ya mwaka wa 1901 ilinifanya nifunge daftari kwa muda. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, naye alikuwa katika nyumba ya maskini, zile nyumba zilizoenezwa na sheria ya mwaka wa 1834, ambamo mtu alipewa chakula na malazi kwa kufanya kazi na kuvaa nguo za humo. Ameandikwa mkaaji wa humo, na kando yake kazi yake ileile: fundi wa magurudumu. Alifariki mwaka wa 1904, miaka mitano kabla ya serikali kuanza kuwalipa wazee maskini wenye umri wa miaka 70 shilingi tano kwa wiki.

Hapo nikafahamu kwa nini mwanawe alivuka bahari na mbona hakusimulia.

Tulipoketi kwa nyanya na kuyasoma hayo, mjomba alinung'unika. "Tuchapishe kwamba alifia kwa maskini? Watu watasema nini?" Nyanya hakumjibu. Aliniagiza lile sanduku la zana. Ndani mlikuwa na kisu chenye mipini miwili, ambacho nyumbani tulikitumia kumenyea magamba ya nguzo za ua. Nilikuwa nimekiona kwenye picha za vitabu: ndicho fundi wa magurudumu alichochongea spoku, akikivuta kuelekea kifuani. Tulipoufuta mpini mmoja kwa mafuta, zilitokea herufi mbili zilizogongwa kwa muhuri wa chuma. Zilikuwa herufi za kwanza za majina yake.

Nyanya alizipapasa kwa kidole kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mjomba, "Lodi hutengenezewa gari. Huyu ndiye aliyelitengeneza. Andikeni hivyo."

Yakaandikwa yote, pamoja na nyumba ya maskini. Mjomba mwenyewe ndiye aliyelipia nakala 20 za ziada.

Ndugu wanafunzi, kila nyumba ina lodi wake wa kubuni na fundi wake aliyesahauliwa. Waulizeni wazee wenu wakiwa hai. Tazameni kadi za ubatizo, vitambulisho vya zamani, risiti, hata zana zilizoota kutu ghalani. Na ukimkuta mtu aliyetia X mahali pa sahihi, usimcheke kabla hujauliza mikono yake ilijua nini. Shime, kuuliza si ujinga!