Peugeot 205 GTI, kona za Kibosho na somo la Form Three

Boom bado halijaingia, kwa hiyo leo hatuongelei hela. Tunaongelea gari ambalo sidhani kama kuna mtu hapa kampasi aliyewahi kulikalia. Na simaanishi V8 za waheshimiwa wala IST ya mchumba wa mtu. Naongelea Peugeot 205 GTI.

Najua mtauliza hilo dude limetokea wapi. Haya, tulieni. 205 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1983 kama gari la mtu wa kawaida, la kwendea sokoni na kupeleka watoto shule. 1984 wakatoa GTI: bodi ileile ndogo, milango miwili ubavuni na ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ila injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 105. 1986 ikaja ya lita 1.9, farasi 130. Mwenye V8 atacheka. Asicheke kwanza, amalizie hesabu: ile ya 1.6 ilikuwa na uzito wa kama kilo 850 tu. Newton alishatuambia, ukitaka mchapuko una njia mbili, uongeze kani au upunguze tungamo. Wengi wanaongeza kani. Wafaransa wale walipunguza tungamo, na mpaka leo Wazungu wanaojua magari wanaliimba.

Sasa huku kwetu jina Peugeot si geni hata kidogo, waulizeni wazee. Yale mashindano ya Safari yalianza 1953, na enzi hizo yalikuwa ya Afrika Mashariki yote, Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 iliyachukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Na ya 1966 na 1967 aliyashinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msomaji wake wa ramani Chris Rothwell. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, 1968 tena saba tu. Mengine yote tope na mawe viliyameza. Halafu 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Ndo maana ukipanda Marangu au Machame ukakaa na mzee chini ya migomba, ukataja Toyota anaitikia tu, ukataja Peugeot anasogeza kiti.

Ndugu yake 205 wa mashindano aliitwa Turbo 16. Huyo alifanana na GTI kwa sura tu, injini ilikaa nyuma ya dereva na magurudumu yote manne yalivuta. Alichukua ubingwa wa dunia wa rali 1985 na 1986. Lakini Safari ya miaka yote hiyo miwili ilikwenda kwa Toyota Celica, hahaha! Bingwa wa dunia, barabara za Kenya zikamwambia pole kaka. Mwaka huohuo 1986 Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa kule Corsica wakiwa kwenye Lancia, na kabla ya hapo watazamaji walikufa Ureno. Mwisho wa msimu magari ya kundi lile yakapigwa marufuku. Mbio zilikuwa zimezidi binadamu.

Hapo ndo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. GTI lilikuwa na tabia moja maarufu. Ukiingia kona kwa kasi, ukaogopa katikati, ukaachia mafuta ghafla, uzito wote unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, yanapoteza mshiko, na mkia unakuja kukusalimia ubavuni. Dereva mzoefu aliutumia mkia huo kugeuza gari. Asiyejua aliishia mtaroni, kinyumenyume.

Wakati wa field nilipangiwa shule moja ya huku milimani, Form Three, fizikia. Mada ya inesha niliifundisha kwa gari hilo. Nilichora kona ubaoni, nikachora ka-Peugeot, nikawaonyesha uzito unavyohama. Darasa lote kimya, hata wale wa dawati la nyuma. Kwa sababu kona ile wanaijua. Kila asubuhi wanapita kwa miguu barabara zinazoshuka kutoka Kibosho kwenda Moshi mjini, na masika lami inateleza kama imepakwa mlenda. Mtaani kwetu tulimzika kijana aliyekuwa deiwaka wa mchomoko. Mvua, mteremko, abiria wamejaa, akashtuka katikati ya kona. Umri wake kama wangu. Msibani kila mtu alisema ni kazi ya Mungu, na mimi sibishani na wafiwa. Ila nilikaa pale kwenye turubai nikijiuliza kama kuna mtu aliwahi kumweleza tairi linashikaje barabara.

Binti mmoja darasani akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo ukishaingia vibaya hamna cha kufanya?" Nikamwambia kipo, lakini ni kidogo sana kuliko kile ambacho ungefanya kabla. Mwendo unapunguzwa barabara ikiwa bado imenyooka. Ndani ya kona unakwenda kwa upole, mguu na usukani vyote polepole. Akaandika kwenye daftari, na sikuwa nimesema andikeni.

Uzalishaji wa 205 uliisha 1998, baada ya magari zaidi ya milioni tano ya aina zote. Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta ya kuzuia mkia usitoke, na ni jambo jema, linaokoa watu. Lakini michomoko mingi inayotubeba haina hiyo kompyuta, kompyuta ni kichwa cha dereva. GTI halikuficha kitu, lilikuonyesha fizikia yote hapohapo, na nadhani ndo maana walioliendesha hawalisahau.

Kwa hiyo nyie wenye kaka madereva, wajomba na washikaji wa bodaboda, wapeni hii stori. Wacheke na ka-Peugeot, ila wabaki na ile sentensi moja: punguza kabla ya kona.

Nawakilisha.