Kabla ya Kumhukumu Dereva

Niliporudi Kolwezi na shahada ya saikolojia, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima umakini wa madereva wa malori ya shaba na kobalti kabla ya zamu ya usiku. Programu tuliyonunuliwa ilikuwa imefungwa: picha inatokea, dereva anabonyeza, namba inatoka. Namba hiyo ingeweza kumnyima baba wa watu zamu yake, na hakuna aliyeweza kunieleza imepatikanaje.

Ndipo nikaanza kuandika mtihani wangu juu ya PsychoPy, programu huria aliyoianzisha Jonathan Peirce wa Nottingham mwaka 2002 kwa lugha ya Python. Msimbo wake unausoma wote na kuurekebisha utakavyo.

Jambo la kwanza lilikuwa muda wa picha: skrini ya herzi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ukitaka picha ikae milisekunde 50, hesabu fremu tatu. Ukiomba 40 utapewa 33 au 50, na skrini haikuambii. Nilibandika kihisi cha mwanga kwenye pembe ya skrini, juu ya kiraka cheupe kinachowaka pamoja na picha, nikalinganisha saa ya programu na mwanga wenyewe. Umeme ukikatika, kompyuta huhamia kwenye betri na kufifisha skrini. Hapo mistari hafifu ya Gabor, ambayo ndiyo picha ya mtihani wangu, inabadilika dereva akiwa bado anaitazama. Kwa hiyo msimbo wangu husimamisha mtihani papo hapo.

Watu wa Katanga, eneo letu hili, walianza kupimwa hivi zamani. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, ilikuwa na mitihani yake ya kisaikolojia, na mwaka 1956 André Ombredane na wenzake walichapisha matokeo ya kuwarudishia Wakongo mtihani uleule wa maumbo wa Raven: alama zilipanda kadiri walivyouzoea. Nikisoma hayo nawafikiria waliohukumiwa kwa jaribio la kwanza tu, na roho inaniuma. Kwangu mazoezi huja kwanza, hayahesabiwi, na maelekezo yanasikika kwa sauti, kwa Kiswahili cha hapa: “Papa, ukiona mistari, bonyeza. Usipoiona, ngoja.”

Msimbo nimeuachia kwa leseni ya GPL, kama PsychoPy yenyewe. Mwanafunzi mmoja ameongeza sauti ya Kichokwe na ya Kiruund, na sasa anapima skrini za tableti za bei nafuu.